Uyoga wa Magogoni: Jinsi ya Kuutambua Ukiwa Malindi, Hatua kwa Hatua

Masika yakishakolea Malindi, gogo lililolala kavu tangu kaskazi huota uyoga kwa muda wa siku chache. Kisiki cha mwembe nyuma ya nyumba, mnazi ulioanguka shambani Gede, tawi la mkanju lililokatwa likaachwa palepale, vyote huchipua. Na anayeuona huuliza upesi, "Huu unalika?" Swali hilo naomba liwe la mwisho. La kwanza ni "Huu ni uyoga gani?", kwa sababu hakuna alama moja inayotenganisha uyoga wote mzuri na wote wenye sumu. Rangi haitoshi, harufu haitoshi, na kuota kwenye mti hakutoshi. Kinachofaa ni kukusanya alama tano au sita za uyoga mmoja mpaka jina libaki moja. Likibaki shaka lolote, uyoga huo ni wa kutazamwa na kuandikwa daftarini, haufiki jikoni.

Kabla ya kutoka

Chukua kisu chenye ncha, pakacha au kikapu cha ukindu, bahasha chache za karatasi, daftari, penseli na rula. Ukipata lenzi ya kukuzia, hata ile ndogo ya sonara, itakusaidia sana. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Kenya mwaka 2017, lakini hata kama ungekuwa nayo, isingefaa: uyoga hutoa jasho ndani ya plastiki, na kwa joto la pwani huvunda kabla hujafika nyumbani. Kila aina ikae kwenye bahasha yake. Vipande vya uyoga usioujua vikichanganyika na vya uyoga unaoujua, kapu lote limeharibika.

Piga hodi kwa mwenye shamba. Msitu wa Arabuko-Sokoke ni hifadhi, na magofu ya Gede yako chini ya Makumbusho ya Taifa. Mle ndani tazama, pima na piga picha, ila usichume bila idhini ya wanaosimamia. Kwa anayejifunza hilo si hasara, maana mashamba ya minazi, miembe na mikanju yana magogo ya kutosha. Ukipata ruhusa ya msituni, kumbuka kwamba mvua haifanani kila upande: kaskazini-magharibi mwa msitu hupata karibu milimita 600 kwa mwaka, na upande wa mashariki unaoelekea baharini hupita 1,000. Magogo ya mashariki hukaa mabichi kwa muda mrefu zaidi. Nje ya masika, jaribu tena wakati wa vuli, Oktoba na Novemba, siku mbili tatu baada ya mvua kubwa.

Na ukifika kwenye gogo, ligonge kwanza kwa fimbo, kisha subiri kidogo. Nge, tandu na nyoka hupenda baridi ya chini ya gogo. Usiingize mkono mahali ambapo macho hayajaingia.

Hatua ya kwanza: soma mti kabla ya uyoga

Andika ni mti gani. Aina nyingi za uyoga huchagua chakula chao, na jina la mti hupunguza majina ya kutafuta. Kama mti umeoza kiasi cha kutotambulika, tafuta kipande cha gome kilichobaki au muulize mwenye shamba aliupanda mti gani pale. Andika pia kama mti bado u hai, umekufa umesimama, au umelala chini.

Kisha vunja kipande cha mbao iliyooza. Ikiwa imekuwa nyeupe au ya manjano hafifu na inachanika nyuzinyuzi, uyoga unaoila ni wa kundi linalovunja lignini, ule uti mgumu wa mbao. Ikiwa imekuwa ya kahawia na imepasuka vipande vya mraba vinavyosagika mkononi, kundi hilo hula selulosi na kuiacha lignini. Uyoga masikio na uyoga mamama (ule unaouzwa madukani), wanaotafutwa sana jikoni, ni wa uozo mweupe. Ukiambiwa kile ulichookota kwenye mbao ya kahawia iliyosagika ni mamama, simama uangalie tena.

Kuna mbao ambazo uyoga wake hauliwi hata ukiwa na uhakika wa jina. Uyoga hufyonza metali kama risasi na kadimiamu na kuzihifadhi mwilini mwake. Mbao za chombo kilichopakwa rangi za kuzuia wadudu wa baharini, nguzo za umeme na za simu zilizotiwa dawa, milango ya zamani yenye rangi, magogo yaliyo kando ya barabara kuu au kwenye jaa la taka, yote hayo ni ya kujifunzia tu.

Hatua ya pili: hakikisha kweli umeota kwenye mti

Hatua hii huchukua dakika moja, na wengi huiruka. Uyoga uliosimama hatua moja kutoka kwenye gogo huenda umetoka ardhini. Hili lina uzito hasa kwenye sehemu za Arabuko-Sokoke zenye miti ya mirihi, kwa sababu mrihi hushirikiana na uyoga wa ardhini kupitia mizizi yake, na katika kundi hilo la ardhini ndimo walimo ndugu wa Amanita, ukoo wenye aina zinazoua. Ingiza kisu chini kabisa ya kitako, nyanyua uyoga mzima na udongo wake, kisha pangusa taratibu. Tafuta mambo matatu: nyuzi nyeupe zinazoingia kwenye mbao, kitako kilichovimba, na mfuko mwembamba unaokizunguka kama soksi iliyoshuka. Ukiona mfuko huo, usiendelee kuuwazia chungu.

Ndiyo maana sikubaliani na ushauri wa kukata uyoga juujuu ili "mzizi" ubaki. Kwa anayevuna uyoga anaoujua miaka mingi, sawa. Kwa anayetaka kuutambua, kukata ni kuacha nusu ya ushahidi ardhini.

Na ule uyoga mkubwa unaotoka kwenye vichuguu baada ya mvua, unaopendwa sana na watu wa pwani, ni habari nyingine. Huo hulimwa na mchwa chini ya ardhi, shina lake lina mzizi mrefu unaoshuka ndani, na haumo katika mwongozo huu.

Hatua ya tatu: pindua

Upande wa juu huvutia macho, lakini upande wa chini ndio unaogawa koo. Utakuta moja kati ya hali nne.

Ukiona vipande vyembamba vilivyosimama vikipangana kutoka katikati kuelekea ukingoni, hayo ni matamvua. Angalia kama yanashuka mpaka kwenye shina, yanagusa shina tu, au yanaishia kabla ya kulifikia. Angalia rangi yake ukiwa mchanga na ukiwa mzima, maana hubadilika.

Ukiona matundu madogo kama yamechomwa na sindano, huo ni uyoga wa matundu, na kwenye magogo ya pwani mara nyingi ni wa aina ngumu, za ngozi au za mbao. Hesabu kwa lenzi ni matundu mangapi yanaingia katika milimita moja; vitabu vya utambuzi huuliza hilo.

Ukiona pamelainika tu, bila matamvua wala matundu, na uyoga unapindika, huenda uko kwenye kundi la masikio. Na ukiona meno yanayoning'inia, andika na piga picha, kwa kuwa hayo ni machache.

Hatua ya nne: kata, bonyeza, nusa

Kata uyoga katikati toka kofia hadi kitako. Andika kama nyama ni laini, ya mpira, ya ngozi au ngumu kama mbao. Kama inabadilika rangi ndani ya dakika tano. Kama inatoa maji au maziwa. Bonyeza upande wa chini kwa ukucha na ungoje. Tafuta pete kwenye shina, au alama ya pete iliyokwisha kudondoka.

Harufu inusie kwenye kipande kilichokatwa, mahali pa wazi. Usinuse uyoga mkavu wenye vumbi, na mwenye pumu au kinga dhaifu ya mwili asiuvutie puani kabisa. Kuonja na kutema hufanywa na wataalamu kwa makundi machache; wewe usionje.

Hatua ya tano: chapa ya spora

Spora ndiyo mbegu ya uyoga, ndogo kiasi cha kutoonekana moja moja, lakini zikirundikana huonyesha rangi. Kata shina karibu na kofia. Weka karatasi mbili kando kwa kando, moja nyeupe na moja nyeusi, kisha laza kofia juu ya mpaka wake, matamvua yakitazama chini. Dondosha tone moja la maji juu ya kofia na uifunike kwa bilauri. Zima feni: upepo wake hutawanya spora na utaamka ukute karatasi tupu. Baada ya saa nne hadi usiku mzima, nyanyua kofia wima bila kuiburuta. Spora nyeupe utaziona upande mweusi, za rangi utaziona upande mweupe. Itazame kwa mwanga wa mchana. Balbu ya manjano hudanganya.

Malindi kuna tatizo la funza. Uyoga laini uliochumwa asubuhi waweza kuwa umetobolewa kufikia jioni. Anza chapa mara ufikapo nyumbani, hata kabla ya kupanga picha.

Chapa nyeupe, ya kijivu hafifu au yenye zambarau kidogo huelekeza kwenye mamama na jamaa zake, pamoja na baadhi ya wenye sumu. Ya pinki hupatikana kwa uyoga wenye mfuko kitakoni uitwao Volvariella, ambao huota kwenye mbao na kwenye marundo ya makumbi ya nazi. Ya kahawia ya kutu ni onyo. Ukiwa na uyoga mdogo wa kahawia, unaoota kwenye mti, wenye chapa ya kutu na pete shinani, uache. Katika sura hiyo wamo Gymnopilus, walio wachungu na baadhi yao huvuruga akili, na pia Galerina, ambao baadhi yao wana amatoksini, sumu ileile ya Amanita wauaji. Hapa hakuna sababu ya kubahatisha, kwani hata wale wasio na sumu katika kundi hilo hawana nyama ya kushibisha mtu.

Utakaokutana nao mara nyingi

Uyoga masikio, Auricularia. Kama ningechagua mmoja wa kumfundishia mtu, ningeanza na huu, kwa sababu mwili wake wenyewe unakupa kipimo. Ni wa kahawia, wa utelezi na mpira, umebandikwa kwenye tawi bila shina la maana. Mgongo wake una manyoya mafupi, ndani ni laini. Upinde: haukatiki. Vikombe vya kahawia vya jamii ya Peziza, vinavyofanana nao kwa mbali, huvunjika vipande ukivipinda. Uache juani mpaka ujikunje uwe mweusi na mgumu kama ukucha, kisha uutie kwenye maji. Ndani ya muda mfupi hurudi ulivyokuwa. Huu huliwa sehemu nyingi za Afrika na Asia. Lakini usiuloweke usiku kucha kwenye joto letu. Masikio yaliyokaa majini muda mrefu yameua watu China, kwa sababu bakteria huzaliana humo na kutoa sumu ambayo moto hauiondoi. Loweka saa mbili tatu, mwaga maji, pika siku hiyohiyo.

Schizophyllum commune ni mdogo, sentimita moja hadi nne, mweupe wa kijivu, wenye manyoya kama mgongo wa mtoto wa paka, umejipanga kwenye matawi makavu ya miembe na mikanju. Chukua lenzi utazame chini yake: kila tamvua limepasuka katikati kwa urefu. Likikauka, nusu mbili hujikunja kila moja upande wake na kuficha sehemu inayotoa spora. Ukiunyunyizia maji hufunguka tena mbele ya macho yako. Alama hiyo ya mpasuko inatosha karibu peke yake. Baadhi ya jamii za Afrika hutafuna uyoga huu, ila ni mgumu. Spora zake zimewahi kuota kwenye mapafu ya watu wenye kinga dhaifu, ndiyo sababu ya onyo langu kuhusu kunusa.

Mamama, Pleurotus, ndio unaouzwa madukani na unaolimwa kwenye mifuko ya majani makavu. Wa porini huota kwa tabaka, mmoja juu ya mwenzake, kofia nyeupe, kijivu au pinki, nyama laini, matamvua yanayoshuka kwenye shina fupi lililo pembeni. Sasa uwe makini, kwa kuwa una wanaofanana nao. Crepidotus ni mdogo zaidi na chapa yake ni ya kahawia, hivyo karatasi itakuambia. Lentinus una shina lililo karibu na katikati na nyama inayochanika kama ngozi. Anayetisha ni Omphalotus, kwa kuwa chapa yake nayo ni nyeupe hafifu, na matamvua yake pia hushuka. Wengi wao wana rangi ya machungwa au ya zeituni, na matamvua ya baadhi hung'aa kijani gizani. Ingia nao kwenye chumba kisicho na mwanga kabisa, ukae dakika kumi macho yazoee. Uking'aa, utupe. Usipong'aa, bado hujathibitisha lolote, kwani uyoga uliozeeka au uliokauka huacha kung'aa.

Kuhusu Volvariella wa makumbi: ukiwa mchanga hufungwa ndani ya ganda la umbo la yai, na Amanita mchanga hufungwa vivyo hivyo. Usichume yai. Ungoje ufunguke, upige chapa. Volvariella hutoa pinki, Amanita nyeupe. Watu wa Asia ya Kusini-Mashariki, waliozoea Volvariella kwao, wamekufa wakiwa ugenini kwa kukosea jambo hili moja.

Waliobaki hawaliwi lakini ni walimu wazuri. Pycnoporus sanguineus ni sahani nyembamba ya rangi ya machungwa iliyokolea, yenye matundu ya rangi hiyohiyo, na hupenda magogo yanayopigwa na jua. Ganoderma hukaa kwenye kitako cha mti au kisiki, hata cha mvinje au mnazi. Mgongo wa baadhi hung'aa kama umepigwa vanishi, na chini ni peupe, ukipachora kwa kijiti maandishi ya kahawia hubaki. Ukiuona kwenye mti ulio hai karibu na paa lako, mwite fundi wa kukata miti, kwa sababu mizizi ya mti huo inaoza. Daldinia ni bonge jeusi linaloacha masizi mkononi. Ulikate katikati utaona miviringo iliyopangana. Xylaria husimama kama vidole vyeusi vilivyotoka kwenye mbao.

Vipimo visivyofaa kitu

Nimeshasikia vyote hivi vikisemwa kwa uhakika: chemsha na kitunguu saumu au mchele, ukibadilika rangi ndio sumu; tia kijiko cha fedha; ikiwa konokono, kima au kuku ameula, nawe kula; uyoga wa kwenye mti hauna sumu; chemsha maji mawili, sumu itatoka. Kila kimojawapo ni cha uongo. Amatoksini haigeuzi rangi ya kitunguu wala ya fedha, haiondoki kwa kuchemsha wala kukausha, na wapo wanyama wanaokula uyoga unaomuua binadamu.

Na akishakula mtu

Sumu za tumbo huanza upesi, ndani ya saa mbili tatu, kwa kutapika na kuhara. Amatoksini huchelewa, saa sita hadi ishirini na nne. Baada ya kutapika na kuhara, mgonjwa huonekana kupata nafuu siku ya pili, watu wakamshukuru Mungu na kumrudisha nyumbani, huku ini likiendelea kuharibika. Macho huwa ya manjano siku ya tatu au ya nne. Kwa hiyo usingoje nafuu, na usijifariji kwamba dalili zimeanza mapema, maana huenda alikula aina mbili kwa pamoja. Mpeleke hospitali mara moja, na wote waliokula chungu kile waende naye hata kama hawana dalili. Beba uyoga uliobaki, mbichi au uliopikwa, maganda yaliyotupwa, na saa mliyokula ikiwa imeandikwa. Usimpe maziwa, mafuta wala maji ya chumvi ya kumtapisha.

Kutunza na kutuma

Uyoga ulioshindwa kuutaja usiutupe. Upige picha juu, chini, ubavuni na ukiwa umekatwa, na rula ikionekana. Ukate vipande vyembamba na uukaushe kwenye wavu juu ya joto dogo, nyuzi 40 hadi 50, mpaka ukiupinda unavunjika. Tia kwenye bahasha ya karatasi pamoja na chapa yake, na juu ya bahasha andika tarehe, mahali, jina la mti, rangi ulivyokuwa mbichi, harufu, na jina la aliyeuokota. Hifadhi ya mimea ya Makumbusho ya Taifa, Nairobi, huweka pia vielelezo vya uyoga, na kielelezo chenye maelezo hayo kina manufaa kwa mtaalamu kuliko kapu zima la uyoga usio na habari. Wakati ukingoja, weka bahasha ndani ya kopo linalofunga vizuri. Unyevu wa bahari hulainisha kila kitu, na uyoga mkavu ukishalainika huota ukungu kwa wiki moja.